Mwanao anajua nini kuhusu Pasaka?

MUULIZE mtoto yeyote wa Kikristo mwenye umri wa miaka saba au minane maana ya Krismasi, naye atakujibu bila kusitasita kwamba ndiyo siku aliyozaliwa Yesu. Atakutajia hori la ng'ombe, wachungaji, mamajusi na ile nyota. Sasa mgeuzie swali. Muulize Pasaka ni nini. Huenda akakuambia ni wakati wa kwenda kwa nyanya mashambani. Huenda akataja kuku na chapati. Na akiwa mtoto wa mjini, aliyezoea kuandamana na mamake hadi supamaketi, usishangae akikusimulia habari za mayai ya chokoleti na sungura.

Mpenzi msomaji, lawama hizi si za mtoto. Ni sisi wazazi tuliomwacha gizani, na sababu yenyewe si ngumu kuitambua. Krismasi ni tamu kusimulia. Mtoto mchanga amezaliwa, wageni wameleta zawadi, malaika wameimba. Pasaka nayo ina usaliti, kesi ya uongo, mijeledi, misumari na kaburi. Mzazi hajui aanzie wapi. Kwa hivyo humnunulia mtoto viatu vipya, hufunga virago, hulipa nauli ambayo wenye matatu wamekwisha kuipandisha maradufu, na kutumaini kwamba mwalimu wa Sande skuli ataimaliza kazi iliyobaki. Mwalimu mwenyewe, aghalabu, ni kijana wa kujitolea mwenye chumba kilichojaa watoto wa kila umri, na Jumapili ya Pasaka ikifika nusu ya wanafunzi wake wamesafiri.

Lakini hebu tutafakari. Kwa Mkristo, Pasaka ndiyo sikukuu kubwa kupita zote, Krismasi ikiwemo. Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho waziwazi kwamba kama hakuna ufufuo, basi imani yao yote ni kazi bure. Hata serikali yetu imetenga Ijumaa Kuu na Jumatatu ya Pasaka kuwa siku za mapumziko kitaifa. Itakuwaje basi mtoto akue hadi kidato cha nne akiijua sikukuu ndogo na kuikosa ile kubwa?

Kabla hatujaendelea, tumalizane na huyo sungura. Hakutoka katika Biblia. Alitoka Ujerumani, ambako habari za sungura anayewaletea watoto mayai wakati wa Pasaka zilikuwa zimeandikwa kufikia karne ya 17, na wahamiaji wa Kijerumani wakaenda naye Marekani. Yai ni jambo jingine. Zamani Wakristo walipokuwa wakifunga siku za Kwaresima hawakula mayai, lakini kuku hawajui Kwaresima, wakaendelea kutaga. Mayai yakarundikana, na siku ya Pasaka ikawa siku ya kuyala kwa shangwe. Waorthodoksi hadi leo huyapaka rangi nyekundu kukumbuka damu ya Kristo. Sioni dhambi yoyote mtoto akipewa yai. Kasoro ni pale anapopewa yai bila neno lolote, akabaki akifikiri Pasaka ni biashara ya duka la mikate.

Swali lingine ambalo watoto werevu hupenda kuuliza ni kwa nini Krismasi haihami ilhali Pasaka huhamahama, mwaka huu Machi, mwaka ujao Aprili. Usimfukuze mtoto wa namna hiyo, kwani amekufungulia mlango. Mweleze kwamba Yesu alikufa wakati wa Pasaka ya Wayahudi, sikukuu ya kukumbuka usiku ule Waisraeli walipotoka utumwani Misri baada ya kupaka damu ya mwanakondoo kwenye miimo ya milango yao. Sikukuu hiyo hufuata mwezi wa angani. Ndiyo sababu sisi nasi twaadhimisha Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza kuanzia Machi 21, na haiwezi kutangulia Machi 22 wala kupita Aprili 25. Ni Mtaguso wa Nisea, mwaka wa 325, ulioagiza Wakristo wote waadhimishe pamoja. Waorthodoksi, ambao hata hapa Kenya wapo, hufuata kalenda ya kale, hivi kwamba mwaka wa 2024 wenzao walisherehekea Machi 31 nao wakasherehekea Mei 5.

Katika Juma Kuu mtoe mtoto nje usiku, kama mawingu ya masika yatakuruhusu, umwonyeshe mbalamwezi. Mwambie kwamba usiku ule Yesu alipokuwa akisali katika bustani ya Gethsemane, na wafuasi wake wakasinzia, mwezi ulikuwa umejaa namna hiyo hiyo. Somo hilo halina gharama, na mtoto hatalisahau.

KIFO NI KIFO

Sasa tufike mahali pagumu. Utamwambiaje mtoto mdogo kwamba Yesu aliuawa?

Wengi wetu hutumia maneno ya kuzungukazunguka. Tunasema Yesu “alilala”, au “alienda”, sawa na tunavyowaambia watoto babu yao anapofariki. Ni neno la heshima kwa watu wazima, lakini mtoto huchukua kila neno jinsi lilivyo. Ukimwambia babu amelala, halafu akaona babu huyo huyo akifukiwa, usiku utakapomwambia yeye naye akalale atakung'ang'ania shingo. Mtafiti Maria Nagy aliwahoji watoto wa Budapest, Hungaria, wenye umri wa miaka mitatu hadi kumi, na katika ripoti aliyoichapisha mwaka wa 1948 alieleza kwamba wale wadogo, hadi miaka mitano hivi, waliona kifo kama safari au usingizi ambao mtu aweza kuurudia hali yake. Wa umri wa kati walikifikiria kifo kama mtu fulani anayekuja kuwachukua watu. Wenye miaka tisa au kumi ndio walioelewa kwamba kifo ni mwisho wa uhai wa mwili na kwamba kila mtu atakipitia.

Maana yake kwa mzazi ni nini? Mtoto wa miaka minne akisikia kwamba Yesu alikufa kisha akafufuka, hatashangaa hata kidogo. Kwake, kila mtu aweza kufufuka. Huyo mwambie tu kwamba watu wabaya walimuumiza Yesu, akafa, marafiki wakalia, na Mungu akampa uhai tena. Inatosha. Lakini yule wa miaka tisa tayari ameona jeneza. Katika nchi hii yetu watoto hawafichwi matanga. Hulala kwenye hema la wafiwa, huona kaburi likichimbwa nyuma ya nyumba, husikia vilio. Huyo ndiye Pasaka inayemhusu hasa, na huyo ndiye tunayemnyima habari kamili kwa kuogopa kumtia huzuni. Huwezi kumfurahisha kwa kaburi tupu ikiwa hukumwambia kwamba lilikuwa na maiti.

Na swali lenyewe litakuja: “Mbona Mungu hakuwazuia?” Tafadhali usimjibu kwamba watoto hawaulizi maswali kama hayo. Mwambie kwamba Yesu mwenyewe aliuliza. Alimwomba Baba yake amwondolee mateso yale ikiwezekana, na pale msalabani alilia kwa nini ameachwa. Wakati mwingine ndilo jibu pekee alilo nalo mzazi, na ni afadhali kuliko hadithi ya kutunga.

Wakenya tuliulizwa swali hilo kwa uchungu mwaka wa 2015. Chuo Kikuu cha Garissa kilishambuliwa alfajiri ya Aprili 2, iliyokuwa Alhamisi Kuu, na watu 148 wakauawa, wengi wao wanafunzi. Siku iliyofuata ilikuwa Ijumaa Kuu. Wazazi walioketi na watoto wao mbele ya runinga wikendi ile walikuwa na mambo mawili ya kueleza kwa pamoja, msalaba na Garissa, na sidhani kuna mtoto wa shule aliyeridhishwa na sungura mwaka ule.

Hata hivyo, kumwambia mtoto ukweli hakumaanishi kumtisha. Katika miji yetu Ijumaa Kuu waumini wa Kikatoliki huandamana barabarani katika Njia ya Msalaba, yenye vituo 14, na vijana huigiza askari wa Kirumi wakimchapa mwenzao aliyebeba mti. Wengine huigiza vizuri kupita kiasi. Mtoto wa miaka minne asikae mstari wa mbele. Zipo pia filamu. Ile ya mwaka wa 1979 iitwayo “Jesus”, iliyozungushwa vijijini na kutafsiriwa kwa Kiswahili na lugha nyingine nyingi, mtoto mkubwa kidogo aweza kuitazama akiwa karibu nawe. Lakini ile ya Mel Gibson ya mwaka wa 2004 ni ya watu wazima, hata kama jirani ameiweka sebuleni watoto wote wa ploti wakiangalia.

Jambo moja zaidi. Usimwachie mtoto dhana kwamba “Wayahudi ndio waliomuua Yesu”. Yesu alikuwa Myahudi, mamake Myahudi, mitume wake Wayahudi. Aliyetoa amri alikuwa Pilato, gavana wa Kirumi, na kusulubisha ilikuwa adhabu ya Warumi. Kanisa Katoliki lilitangaza rasmi mwaka wa 1965, katika Mtaguso wa Pili wa Vatikano, kwamba Wayahudi wote hawawezi kubebeshwa lawama hiyo. Watoto wetu wana makabila ya kutosha ya kuchukiana bila sisi kuwaongezea mengine.

BESENI NA MSHUMAA

Maneno pekee hayatoshi. Sofia Cavalletti, Mwitalia aliyekuwa bingwa wa Biblia na Kiebrania, alianza mwaka wa 1954 mjini Roma kuwafundisha watoto wadogo dini kwa vitu vya kushika: karamu ya mwisho kwa sanamu ndogo za mbao, mji wa Yerusalemu, kaburi. Hakuwa akiwapa michezo. Aliona kwamba mtoto husali kwa mikono. Nasi pia twaweza, bila kununua chochote.

Anza na Jumapili ya Matawi. Mtoto akirudi kutoka kanisani na tawi lake, usilitupe. Litundike ukutani. Mwambie kwamba umati ule uliotandaza matawi na kushangilia, baada ya siku chache haukuonekana. Kwa Wakatoliki, matawi hayo makavu ndiyo huchomwa mwaka unaofuata kupata majivu ya Jumatano ya Majivu, na mtoto akijua kwamba jivu lililo kwenye paji la uso wake lilikuwa tawi la shangwe, atakuwa ameelewa jambo ambalo hata baadhi yetu hatujalifikiria.

Alhamisi Kuu jioni, chukua beseni, maji ya vuguvugu na taulo. Baba awaoshe watoto miguu. Ndiyo, baba. Najua wengi watasita, na mtume Petro naye alisita na kukataa kuoshwa. Enzi zile watu walitembea kwa ndara katika barabara za vumbi, na kazi ya kuosha miguu ya wageni ilikuwa ya mtumishi wa chini. Yesu akavua vazi lake akaifanya. Mwaka wa 2013, wiki chache tu baada ya kuchaguliwa, Papa Francis (aliyefariki Jumatatu ya Pasaka mwaka wa 2025) aliwaosha miguu vijana 12 katika jela ya watoto jijini Roma, wakiwemo wasichana na Waislamu. Ikiwa nyumbani kwenu kuna msichana wa kazi, muosheni naye. Watoto watayaona hayo na hawatahitaji mahubiri juu ya unyenyekevu. Kama mama ndiye anayelea peke yake, kama ilivyo katika nyumba nyingi, basi ndiye mwenye beseni.

Ijumaa Kuu ni siku ya kimya. Zima redio na runinga kuanzia saa sita hadi saa tisa mchana, saa ambazo Injili zasema giza liliifunika nchi. Mtoto aulizwe anachotaka kujinyima mwenyewe: peremende, katuni, simu ya mama. Lakini tuelewane vyema hapa. Mtoto hafungishwi njaa. Hata katika Kanisa Katoliki, lenye sheria kali za siku hiyo, kufunga kunawahusu watu wa miaka 18 hadi 59, na kuacha nyama kuanzia miaka 14. Twakumbuka yaliyotukia katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, ambako mwaka wa 2023 miili zaidi ya 400, ikiwemo ya watoto wengi, ilifukuliwa baada ya waumini kuambiwa kwamba wakijinyima chakula watakutana na Yesu. Mtu yeyote akimwambia mwanao kwamba Mungu anapendezwa na mtoto mwenye njaa, mwondoe mtoto hapo, ukaripoti.

Jumamosi hatuna la kufanya, na huo ndio ugumu wake. Kaburi limefungwa, wanafunzi wamejificha. Nyumba nyingi hushinda zikichinja kuku na kusuka nywele za wasichana kwa ajili ya kesho, wala si vibaya. Mtoto ajue tu kwamba watu wale hawakuwa na habari ya kesho. Usiku, kama mnaweza kwenda kwenye mkesha, nendeni, hata mdogo akilala mgongoni. Kanisa huwa na giza totoro, kisha mshumaa mmoja mkubwa wa Pasaka huwashwa kutoka kwa moto mpya, na watu huwashiana mishumaa yao hadi nyuso zote zikaonekana. Wasioweza kutoka usiku kwa sababu ya usalama wafanye hivyo hivyo jikoni. Mwaka wa 2020, makanisa yalipofungwa kwa sababu ya korona, Pasaka ya Aprili 12 iliadhimishwa nyumbani kote nchini, na familia nyingi ziligundua kwamba zinaweza kusali zikiwa peke yao.

WANAWAKE WALIOTANGULIA

Jumapili asubuhi, kabla ya viatu vipya na picha, mwenye binti amwambie jambo hili. Walioamka kwanza kwenda kaburini walikuwa wanawake. Walikuwa wamebeba manukato na wasiwasi mmoja wa kawaida kabisa: nani atawasaidia kulisukuma lile jiwe? Walipopeleka habari, mitume waliona ni upuuzi. Maria Magdalene alikutana na Yesu akadhani ni mtunza bustani, hadi alipoitwa kwa jina lake. Mtoto wa kike anayeambiwa kila siku anyamaze wakubwa wanapozungumza atakuwa na sababu ya kuipenda Pasaka.

Na mwenye mtoto aliyesema uongo, au aliyemsaliti rafikiye darasani, amsimulie habari ya Petro. Alimkana rafikiye mara tatu kabla jogoo kuwika, akalia. Baada ya ufufuo Yesu hakumgombeza. Alimngojea ufuoni mwa ziwa, amewasha moto wa makaa, samaki yuko jikoni pamoja na mkate, akawaita wote waje wale. Baada ya kula ndipo alipomwuliza mara tatu kama anampenda. Watoto wa kando ya Ziwa Victoria hawahitaji kuelezwa zaidi juu ya asubuhi ya namna hiyo, na hao wa kwingine watafahamu wakiona samaki mezani badala ya kuku wa kila mwaka.

Bila shaka si Wakristo wote wanaoadhimisha siku hizi. Mashahidi wa Yehova, mathalan, hawana Pasaka. Wao hukumbuka kifo cha Yesu jioni moja kila mwaka. Mtoto wako akisoma na watoto wa namna hiyo, au na Waislamu ambao Ijumaa Kuu kwao ni Ijumaa kama nyingine, afundishwe kueleza imani yake bila kuwacheka.

Huenda wewe unayesoma haya ni muuguzi, askari, mlinzi wa usiku au dereva wa basi, na wikendi yote ya Pasaka ulikuwa kazini huku wenzako wakiwaosha watoto wao miguu. Usijilaumu. Kanisa halisherehekei Pasaka kwa siku moja bali kwa siku 50, hadi Pentekoste. Wale wawili waliokuwa wakielekea Emau jioni ile hawakumtambua aliyetembea nao njia nzima. Walimtambua wakiwa mezani, alipoumega mkate. Basi siku yako ya mapumziko ikifika, iwe Jumanne au Alhamisi, waite watoto mezani, kata mkate, kisha uanze kuwasimulia.